Funguo za Lori

"Nimekuja kung'olewa jino, Dogiteri. Mambo ya kukoroma kamuulize mume wako!"

Natacha, daktari wa meno, akameza tusi lile la mzee dereva wa lori. Tangu madaktari wa meno wafundishwe kuchunguza pumzi na usingizi wa wagonjwa, kila akiuliza mtu analalaje, hufokewa.

Alipogeuka kuchukua sindano akasikia mkoromo, kisha kimya. Dereva alikuwa amelala pale kitini mchana kweupe, mdomo wazi, ulimi umerudi kooni, kifua hakipandi.

Akamtikisa kwa nguvu. Mzee akashtuka kama aliyeibuka majini.

"Umenidunga nini?"

"Bado sijakudunga. Umelala mwenyewe, pumzi ikakatika."

"Basi naondoka! Lori la petroli linaningoja njiapanda ya Sonatubes."

Akapapasa meza kutafuta funguo alizokuwa ameziweka hapo. Zilikuwa mkononi mwa Natacha.

"Nipige ukitaka," alisema. "Huendeshi."