Nusu Mzunguko wa Bisibisi

Kwa mara ya nne mwaka huo, fundi alijilaza chali chini ya gari la daktari wa mifugo kutafuta uvujaji alioutengeneza mwenyewe.

Ndiyo, mwenyewe. Kwa mikono yake miwili.

Mwanzoni kazi ilikuwa ya haki kabisa. Gari lile kuukuu la porini lilikuja likipiga yowe kila kona. Pampu ya usukani ilikuwa imekwisha, na daktari, mwanamke wa miaka hamsini na ushei, alikuwa akizungusha usukani kama anayekamua blanketi lililolowa. Fundi akang'oa pampu ya zamani, akafunga mpya, akabadilisha paipu ya presha na ile ya kurudisha mafuta. Kisha akainua magurudumu ya mbele kwa jeki, akamwambia daktari apande, azungushe usukani kulia mpaka mwisho, kushoto mpaka mwisho, polepole, hewa itoke. Yeye akawa anaongeza mafuta mekundu mpaka mapovu yakaisha.

Kazi ya siku moja ilichukua siku mbili, kwa sababu ya maneno. Daktari alikalia tairi bovu akasimulia habari za ng'ombe aliyemeza soksi, na za mbuzi aliyemkimbiza mwalimu mkuu mpaka juu ya meza. Fundi alicheka mpaka spana ikamponyoka. Siku nyingi alikuwa hajacheka na mtu. Mkewe alishafariki, wanawe walipiga simu kwa kubahatisha, na gereji yake ilikuwa kando ya barabara ambayo magari hupita tu.

Daktari alipoondoka, ukimya ulimuuma fundi wa watu. Alikunywa chai huku redio ikijisemea peke yake, na kikombe kikamshinda kukimaliza.

Basi daktari aliporudi baada ya wiki mbili ili bolti zikaguliwe, shetani akampitia. Alilegeza klipu inayobana paipu ya kurudisha mafuta. Nusu mzunguko wa bisibisi, si zaidi. Paipu ile haina presha kubwa, haiwezi kuchomoka. Itadondosha tone moja moja tu, kiasi cha kumrudisha mtu gereji.

Na kweli akarudi.

"Fundi, ng'ombe wako anakojoa tena!" alisema akishuka na chupa ya chai na vikombe viwili.

Ikawa ndiyo desturi yao. Fundi alikaza, akafuta, akanywa chai, akacheka, akasubiri daktari ageukie pembeni, akalegeza tena. Na kila gari lilipotokomea, alijiona mwizi.

Leo lakini daktari alishuka bila chupa na bila utani. Gari lilikuwa limeingia kimya, usukani ukizunguka kwa kidole kimoja.

"Linavuja tena," alisema. "Halafu nimehamishwa. Kituo cha kule chini ya milima. Kesho asubuhi natakiwa nishuke."

"Kesho hii?"

"Kesho hiihii. Labda gari liwe bovu. Nimewaambia wazi, fundi wangu akisema halifai, mimi siendi. Watampeleka mwenzangu."

Barabara ile fundi aliijua. Kona kwa kona, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu. Aliona mafuta yakiisha katikati ya mteremko na usukani ukimkazia mama wa watu mikononi, kwa ajili ya nusu mzunguko wake wa kipumbavu.

"Na wewe unataka kwenda?" aliuliza.

Daktari aliangalia lile tairi bovu. "Nani ananiuliza mimi, Fundi? Nyumbani kwangu hata paka sina. Kokote ni sawa tu." Akamgeukia. "Liangalie vizuri. Chukua muda wako."

Fundi alichukua bisibisi na tochi, akajisukuma chini ya gari. Neno moja tu lingetosha. Halifai. Angelisema, daktari angebaki, chai ingeendelea. Lilimjia mpaka kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa amemdanganya mwanamke huyu miezi mizima, na sasa uongo wenyewe ulikuwa na korongo chini yake. Hapana. Leo atakaza kweli, mpaka bisibisi ilie. Aende salama, yeye abaki na redio yake. Macho yalimlowa, akasingizia vumbi ingawa hapakuwa na wa kumuuliza.

Paipu ilikuwa imelowa kama alivyotarajia. Akaifuta kwa kitambaa, akaweka bisibisi kwenye klipu, akazungusha.

Haikusogea.

Akajaribu tena kwa nguvu zote. Wapi! Akasogeza tochi karibu. Ile klipu yake haikuwapo. Palikuwa na mbili, mpya, zimekazwa barabara, na kwenye mifereji ya skrubu zake vumbi la wiki kadhaa lilikuwa limeshagandamana.

"Umeona, Fundi?" daktari aliita kutoka juu, kwa sauti ndogo. "Ni baya sana?"

Tone moja lilimdondokea shavuni. Halikuwa jekundu. Akalipangusa kwa kidole, akakinusa. Yalikuwa mafuta ya kupikia, tena yaliyokwisha kukaangiwa vitunguu.