Akaunti ya Perpetua

Perpetua aliharibu kadi ya pili ya sahihi. Kalamu iliteleza, jina likapinda, naye akafunika uso kwa kiganja.

"Polepole," mumewe alimwambia. "Sahihi zisipofanana, benki itaikataa hundi yako."

"Si usaini wewe, Kleto, kama siku zote?"

Anacleto alimrudishia kalamu mkononi. Alikuwa na duka la mikate karibu na soko la mji wa Dumaguete, Ufilipino. Leo alivaa shati la kanisani na viatu vilivyong'arishwa, lakini macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

Rowena, ofisa wa benki, alitoa kadi nyingine. Watu wa umri wao, aliwaeleza, hufungua akaunti ya hundi kwa majina yote mawili.

"Iwe ya kwake peke yake," alisema Anacleto. "Huko niendako sitaweza kusaini chochote. Na mwenye nyumba ya duka hapokei noti. Anataka hundi za kodi ya mwaka mzima, la sivyo atayatupa nje majiko yetu ya mikate."

Rowena alishusha sauti. "Utakaa sana huko, mzee?"

"Wao ndio watakaoamua."

Rowena aliwahi kumpeleka mama yake mjini Cebu kwa upasuaji, akarudi na jeneza. Hakuuliza zaidi. Alimsogezea Perpetua glasi ya maji.

Perpetua hakuigusa. "Watakuruhusu uende na mto wako?"

"Nitawaomba."

"Na chakula?"

"Utaniletea. Wenzangu wote huletewa na ndugu zao."

"Twende wiki ijayo basi," Perpetua alimsihi, ameng'ang'ania mkono wa shati lake. "Sikukuu ya mtaa ipite kwanza. Nani anakuharakisha, Kleto? Hakuna hata anayejua."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshaogopa tena. Saini, mke wangu."

Rowena alishindwa kujizuia. "Mama, mwache aende. Kuchelewa ndiko kunakoua watu. Wanaowahi, wengi hurudi nyumbani."

Perpetua alimtazama kama mtu aliyezabwa kofi. Kisha akaishika kalamu, akasaini. Safari hii jina lilikaa sawa.

Kitabu cha hundi kilipoletwa, Anacleto alimwonyesha namna ya kuandika kiasi kwa maneno, na kupiga mstari hadi mwisho ili mtu asiongeze kitu. "Usimpe yeyote hundi tupu. Hata binamu yangu Dodong."

"Dodong?"

"Hasa Dodong."

Perpetua alicheka. Kicheko kikageuka kilio, na watu kwenye foleni wakaangalia pembeni.

Rowena aliwasindikiza hadi mlangoni. Alipunga mkono, bajaji ikasimama.

"Wapeleke hospitali ya mkoa," alimwambia dereva. "Na taratibu kwenye mashimo, umebeba mgonjwa."

"Si hospitali, binti," alisema Anacleto. "Ni hapo ng'ambo tu."

Alimshika mkewe mkono, wakavuka barabara, wakapanda ngazi za kituo cha polisi. Alivua kofia mbele ya sajenti wa zamu.

"Yule mtoto wa baiskeli," alisema, "aliyegongwa pale darajani na gari lililokimbia. Ni mimi niliyemgonga."