Mstari Mmoja Juu

Mgodi uliporomoka alfajiri. Jedwali la zamu lilikuwa pana kuliko karatasi, hivyo printa ikaligawa: majina ya wachimbaji ukurasa huu, hali zao ukurasa mwingine. Helmina, karani wa mgodi, alizibandika kurasa hizo ubavu kwa ubavu kwenye ukuta wa nje, huku wake za wachimbaji wakimsukuma mgongoni.

Hata hajaketi vizuri mezani, akasikia kigelegele.

"Kachira wangu ametoka! Jamani, ametoka!"

Dirishani alimwona mke wa Kachira akirukaruka. Karibu na miguu yake, mke wa Kadogosa alikuwa amekaa vumbini, kajiziba mdomo kwa kanga.

Helmina akaangalia skrini. Kachira: yumo shimoni. Jina linalofuata, Kadogosa: ametoka.

Ndipo akaelewa. Kichwa cha jedwali kilikuwa kimechapwa juu ya majina tu. Ukurasa wa hali haukuwa nacho, naye alizilinganisha karatasi kwa juu, basi kila jina likapewa hali ya jina la chini yake.

Alitoka mbio. Gundi ilikuwa bado mbichi. Alishika pembe za ukurasa wa hali, lakini karatasi ikagoma kushuka.

"Imekaa vibaya, eh, dada karani?" Mke wa Kachira alikuwa kando yake, machozi ya furaha yakimtiririka. "Ngoja nikusaidie."

Akaweka viganja vyake viwili juu ya karatasi, akaanza kuivuta chini.