Kiungulia cha Wavinya

Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali upande wa kichwa, na bado Wavinya alilala ameketi. Kila alipojinyoosha, moto ulipanda kutoka tumboni hadi kooni na kumwachia mdomo mchungu kama aliyetafuna mwarobaini.

Kwa mwanamke mwingine hicho kingekuwa kiungulia cha mimba, basi. Wavinya alikiogopa. Mimba yake ya kwanza ilianza kuharibika kwa maumivu chini ya mbavu, na kila mtu aliyaita kiungulia. Mama mkwe wake, Kalekye, alisema ni kwa sababu mtoto ana nywele nyingi. Walipofika hospitalini, presha ilikuwa imepanda kupita kiasi. Wavinya aliokolewa, mtoto hakuokolewa.

Mara hii hakutaka kubahatisha. Sista Nthenya, muuguzi wa kliniki ya wajawazito kule Nunguni, alimwambia ale kidogo kidogo, aachane na pilipili na chapati zenye mafuta mengi, na asilale mara tu baada ya kula. Akampa vidonge vya kutafuna. Kisha akashusha sauti.

"Kiungulia cha kawaida kinachoma hapa katikati, kinapanda kooni. Lakini ukisikia uchungu chini ya mbavu za kulia, kichwa kikuume, au macho yaanze kuona ukungu, usitafune kidonge ukangoja. Njoo saa hiyo hiyo."

Wavinya aliyabeba maneno hayo kila mahali. Akichuma mboga, alijibonyeza mbavu. Akiwa kanisani, alifumba jicho moja kisha jingine, kuhakikisha maandishi ya Biblia bado anayaona vizuri.

Mumewe, Musyimi, aliogopa pamoja naye. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyemzidi mkewe miaka mingi, na alikuwa na pikapu ya kupeleka kabichi Mtito Andei. Tangu mimba iingie, yeye ndiye aliyebeba maji na kuni, na hakumruhusu Wavinya kuinama hata kufagia. Hata kiungulia waligawana. Siku za karibuni, kila alipomaliza kupakia magunia, Musyimi alijisugua kifua na kumwomba mkewe kidonge kimoja. Kalekye aliwatangazia akina mama wa kanisa kwamba mwanawe naye ana mimba. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na Wavinya akacheka nao. Alikuwa hajacheka hivyo kwa muda mrefu.

Jumapili moja walialikwa chakula cha mchana kwa jirani baada ya ibada. Wavinya alikula kidogo tu, akaketi wima, akakataa hata chai. Lakini waliporudi nyumbani, moto ukaja. Ulianza katikati ya kifua, kisha akahisi kama unasogea upande wa kulia. Kichwa kikaanza kugonga. Hakujua kama ni ugonjwa au ni hofu, na hakuthubutu kungoja mpaka ajue.

"Musyimi," alisema, "nipeleke hospitali."

Musyimi alikuwa ameegemea mlango, hajavua hata koti. Alimshika mkono hadi kwenye pikapu, akaiwasha, akafuata barabara ya kuteremka mlima.

Wavinya alikumbatia tumbo kwa mikono miwili, akingoja mtoto ageuke. Mtoto alitulia. Kila kona waliyopita ilimrudishia safari ile ya kwanza, barabara hii hii, na kile kimya cha tumboni. Akaanza kuomba kwa sauti, akichanganya Kikamba na Kiswahili, akimsihi Mungu asimchukulie na huyu.

Alimgeukia mumewe apate nguvu, akaona ameogopa kuliko yeye. Dirisha lilikuwa wazi na upepo wa milimani ulikuwa baridi, lakini jasho lilimtiririka Musyimi hadi kwenye kola ya shati. Uso wake ulikuwa umepauka kama majivu. Alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, ule mwingine ameuacha mapajani.

Wavinya alimwonea huruma. Mtu huyu alikuwa amemzika mtoto mmoja kwa mikono yake.

"Usiogope sana," alimwambia. "Mungu yuko."

"Nitawafikisha," Musyimi alijibu. Neno hilo moja lilimtoka kwa shida.

Aliwafikisha. Daktari wa zamu alikuwa kijana mmoja anayeitwa Mwangangi. Alimlaza Wavinya kwenye kitanda pekee kilichokuwa wazi, akamfunga mpira wa presha mkononi. Wavinya alifumba macho. Alisikia mumewe akiingia polepole nyuma yao na kuketi kwenye benchi la ukutani. Mpira ulimbana, ukalegea. Daktari alirudia kupima. Kisha akapaka kitu cha baridi tumboni na kuweka kifaa, na Wavinya akabana pumzi.

Mapigo ya moyo wa mtoto yakajaa chumbani, ya haraka, yenye nguvu.

"Mama, fungua macho," Mwangangi alisema. "Presha yako iko sawa. Mtoto yuko sawa kabisa. Hiki ni kiungulia tu."

Wavinya alilia kwa sauti bila aibu. Alipofuta machozi alitaka kumwona Musyimi, waifurahie habari hiyo pamoja. Lakini daktari alikuwa ameshasimama kati yao, ameinamia benchi, vidole vyake viko kwenye kifundo cha mkono wa mumewe.

"Sista, oksijeni, haraka," aliita. Kisha, bila kugeuka: "Mama, tafadhali shuka kitandani. Mzee wako ndiye mgonjwa."