Busu la Kamongo

Signe alipiga mswaki, akasukutua, akapiga mswaki tena. Kisha akajipaka mafuta ya mgando midomoni, tabaka nene, kama mtu anayekwenda kubusu pasi.

"Hayatakusaidia," Tomasz alimwambia kutoka mlangoni. "Yule samaki anang'ata mpaka mpini wa kasia."

Tomasz alikuwa Mpolandi, mwalimu wa hesabu wa kujitolea kule Bunda. Alikuja asubuhi hiyo na wenzake wawili wanaojitolea Butiama ili kushuhudia. Kushuhudia tu. Kubusu ilikuwa kazi ya yule anayejitolea hapa hapa kijijini, na mwaka huu alikuwa Signe, binti wa Denmark, aliyeipenda midomo yake kama ilivyo.

Habari za Sikukuu ya Kamongo alizipata siku aliyofika, pale stendi ya Musoma, kutoka kwa kijana wa kujitolea aliyekuwa akimwachia nafasi. Kijana yule alimkabidhi chandarua, jiko la mafuta ya taa na onyo moja: siku ya kamongo ikifika, usikatae, watu wa kule wanaithamini mno. Yeye naye aliambiwa hivyo hivyo na aliyemtangulia. Alipotabasamu, mdomo wake wa chini ulionyesha alama ya nyuzi.

Lakini Signe hakuogopa kung'atwa kama alivyoogopa kubaki mgeni. Tangu afike aliishi kwa Masatu, mvuvi, na mkewe Debora. Aliwaita baba na mama. Wao walimwita "mgeni wetu". Mgeni wetu akigusa sufuria chafu, ananyang'anywa. Mgeni wetu anawekewa kiti chenye egemeo, mnofu mzuri wa samaki na maji ya moto ya kuoga, wakati alichotaka ni kutumwa dukani na kugombezwa akichelewa, kama watoto wengine wa nyumba ile. Ilimuuma kweli. Kama mlango wa kuingilia ulikuwa mdomo wa kamongo, basi angeupitia.

Walipofika ufukweni, kijiji kizima kilikuwa kimeshakaa. Akina mama walivaa vitenge vya Krismasi, na katekista alifunga tai. Hata watu wa kisiwa cha Rukuba walikuja kwa boti. Katikati paliwekwa beseni la bluu, na kando yake alisimama Masatu, kidole gumba kimefungwa kitambaa. Siku zote hizo alishinda matopeni akimsaka kamongo, maana sharti awe hai, na kamongo hai hapendi kutolewa kwake.

Hakuna aliyeanza. Watu wote waliwatazama Signe na wenzake.

"Heshima gani hii," Signe alimnong'oneza Tomasz. "Mila ni yao, lakini wanamtanguliza mgeni."

Akaanza. Alizunguka beseni kinyumenyume, kama alivyoelekezwa pale stendi. Kijiji kikainuka, nacho kikazunguka kinyumenyume. Wazee waligongana visogo, na bibi mmoja mnene akamkanyaga katekista. Wimbo ukapigwa. Signe hakujua hata neno moja la wimbo ule, hivyo alifungua na kufunga mdomo tu, kwa bidii. Juzi yake alikuwa amemuuliza Debora maana ya maneno yale, Debora akajibu kwamba hata yeye hajui, alifundishwaga tu. Lugha ya kale kabisa, Signe alijiambia, na mwili ukamsisimka.

Akapakwa unga wa muhogo kwenye paji la uso. Masatu akamchomoa kamongo kutoka kwenye beseni, mrefu kama mkono wa mtu mzima, anateleza, amekasirika. Mzee mmoja aligeuka akatazama ziwa. Mtoto alianza kulia, mama yake akamwondoa.

Signe alifumba macho, akabusu.

Kamongo akafyatuka. Aliukosa mdomo wa Signe kidogo sana, akakidaka kidole cha Masatu cha mkono wa pili. Masatu alitamka neno moja la Kijita ambalo katekista alijifanya hakulisikia. Watu wakapiga makofi kwa adabu, kisha wakaenda mbio kwenye wali.

Jioni, wenzake walipokwisha kuondoka, Signe alikaa uani akimtazama Debora akimfunga mumewe kidole. Masatu alikuwa ameinua mikono yote miwili, hawezi hata kujishikia kikombe cha chai. Signe alijikaza, akalivuta rundo la vyombo vichafu, akasubiri kunyang'anywa.

Debora hakumnyang'anya.

"Anza na hiyo yenye ukoko, mwanangu," alisema. "Na usinimalizie sabuni."

Mwanangu. Signe aliinamia sufuria akalia, machozi yakichanganyika na masizi, na hakuwahi kuosha kitu kwa furaha kama ile. Alisugua ukoko mpaka kucha zikamuuma.

Debora alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akamtazama mumewe. Masatu akatikisa kichwa kukubali, mikono bado iko juu. Debora akasogeza kigoda karibu na Signe, akashusha sauti.

"Kwa kuwa sasa wewe ni mtoto wa humu, acha nikuulize. Mgeni hatumuulizagi. Sisi hatulalamiki, kila mwaka tunawafanyia vizuri ili msiwaze sana nyumbani. Ila hii sikukuu yenu ya huko Ulaya, mwanangu, ni lazima awe kamongo? Hamuwezi mkambusu sato?"