Kisabuni cha Tabata

"Kwa kutunza siri, Lushoto nzima hakuna wa kunipiku," Bibi Evelina alimwambia mjukuu wake. "Hata hili la jirani Raheli, kwamba yule ng'ombe anayeringia ni wa kuazima, halijanitoka mdomoni."

Brian alimtazama, kisha akainuka na kufunga dirisha.

Mezani, kati ya sufuria ya viazi na kitabu cha nyimbo za kanisani, kulikuwa na kidubwasha cheupe, ukubwa wa kipande cha sabuni, kinapepesa taa ya bluu. Bibi alikiinua, akakinusa.

"Ni rauta ya safari," Brian alisema. "Intaneti ya gesti hapo jirani ni kama bomba la sokoni. Kila mtu anakinga ndoo yake, na mwenye nia mbaya anachungulia ya mwenzake. Hiki kinachukua yangu, kinaifunika, kinaipeleka mpaka chumbani kwangu Tabata, ndipo inatokea huko. Ofisini wakiangalia, wanaona niko Dar."

"Kumbe ni chombo cha uongo."

"Cha usalama, bibi."

"Sawa, mume wangu. Uongo wenye mfuniko." Akakirudisha mezani. "Hivi visabuni naona vimekuwa vingi mwaka huu."

Brian hakusikia. Alikuwa anavaa sweta la tatu, na juu yake analazimisha shati la ofisini.

Shida ilianzia kwenye mabati. Upepo uliezua jiko la bibi, ukaenda kuyatua mabati kwa Raheli, karibu na yule ng'ombe wa kuazima, na bibi akabaki anapika ugali chini ya mwavuli. Brian, ambaye kazi yake ni kutunza kwenye kompyuta taarifa za wagonjwa, aliomba ruhusa aje kuezeka. Bosi wake, Bwana Salvatory, alimjibu kwamba siri za wagonjwa hazipandi milima. Kila mtu afanyie kazi Dar, kwenye intaneti iliyokaguliwa, na atakayekutwa nje hana kazi. Yeye mwenyewe, alisema, angependa kupumzika kama binadamu wengine, lakini ndiyo kwanza anaelekea Dodoma kwenye vikao.

Brian akapanda basi na kisabuni chake.

Neno la siri la intaneti alilileta bibi. Kila asubuhi alipeleka gesti maziwa ya moto kwenye chupa yake ya maua, na dada wa mapokezi hakuwa na la kumnyima, alimwandikia kiganjani. Wageni nao walimpenda, hasa mmoja ambaye baridi ilikuwa imemshinda, hatoki kitandani, anamaliza chupa nzima peke yake.

"Mtoto kalelewa yule," bibi alisema. "Blanketi mpaka puani, lakini mkubwa akimsemesha anaitika hapohapo, hata mdomo ukiwa umejaa. Siyo ninyi mnaoitikia simu tu."

"Bibi, kikao kinaanza. Usiseme, usikohoe, usipite nyuma yangu. Wakijua niko huku, kazi imekwisha, na mabati yenyewe hatutamaliza."

"Mdomo wangu kaburi," alisema bibi, akatoka nje kumtangazia fundi Kornelio, aliyekuwa juu ya paa, kwamba mjukuu wake sasa hivi yuko Tabata, kwa hiyo asigonge misumari.

Kikao kikaanza. Bwana Salvatory alisikika tu, picha ameizima. Intaneti ya Dodoma, alisema, ni ya kubembeleza. Ajabu ni kwamba kila alipoanza kuongea, na ya Brian ililegea.

"Huku jua linachoma," sauti ilisema, ikapiga chafya. "Vumbi hili. Lakini nimekaza kwa ajili yenu. Brian, mbona unatoa moshi mdomoni?"

"Kiyoyozi, bosi. Kimegoma kwenye baridi kali."

"Hapo Tabata?"

"Tabata, bosi."

Juu ya paa, Kornelio alikuwa amengoja mpaka uvumilivu ukamwisha. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuongea na mwenzake wa mlima wa pili:

"Bibi Evelina, huyo wa Tabata hajamaliza? Nigonge au nishuke? Ukungu unaingia."

Pendo, mfanyakazi mwenzake Brian, alifumba macho kwenye kidirisha chake.

"Ukungu," Bwana Salvatory alirudia taratibu. "Brian, ukungu wa Tabata huwa unaingilia upande gani?"

"Hiyo ni redio ya jirani, bosi."

"Usinifanye mtoto. Kama kuna kitu nakichukia duniani, ni mtu mzima kuniambia yuko mahali ambapo hayupo. Taja mwenyewe uko wapi, kabla sijakuachisha kazi mbele ya wenzako."

Brian akageuka kutazama mlango.

Mlangoni alikuwa amesimama Bibi Evelina na mzigo wa kuni, kichwa amekiinamisha upande kama anayeonja chumvi ya mboga. Alizitua kuni. Akaja mezani polepole, akamsogeza mjukuu wake kwa kiuno, akaiinamia kompyuta mpaka pua ikakaribia kioo.

"Shikamoo yako nilishaipokea asubuhi, baba, usihangaike," alisema. "Nauliza tu ile chupa yangu ya maua."

"Iko mapokezi, bibi," sauti ya Dodoma ikaitika hapohapo. "Nimeshaisuuza."