Nyumba Isiyo na Mwenyewe

Asubuhi ile bawabu alimfukuza Bi Raya kwenye nyumba alimozaliwa, ambayo sasa ni hoteli, kisa si mgeni wao. Miaka thelathini ughaibuni, amerudi mji umejaa vioo, na mtaa mzima hakuna hata wa kumsengenya. Basi akapanda gari la matembezi pamoja na watalii, akaenda kwenye magofu walikotoka wazee wake.

Mtembezaji wao, Kombo, mwanamume wa maneno mengi, akasimama mbele ya nyumba ya mawe isiyo na paa.

"Hii haina mwenyewe," akasema. "Watu wake walikwisha wote. Haya, ingieni mpige picha."

Bi Raya akavua viatu, akawapita wote, akaingia. Kisha akageuka, akauziba mlango kwa mwili wake, na mwili alikuwa nao.

"Bibi, tupishe, jua kali!" Kombo akamwambia.

"Walikwisha, uliwazika wewe? Bibi yangu alinitajia nasaba yetu mpaka mlango huu. Kwa watu mnaingia tu kama kuku? Pigeni hodi!"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Kombo akatazama saa, akakuna kichwa, mwisho akanong'ona, "Hodi."

"Sijasikia."

"Hodi!" wakasema wote, hata maharusi wawili waliokuja fungate.

Bi Raya hakuitikia upesi. Alijifunga kanga vizuri, akatazama ndani, kwenye majani yaliyoota sakafuni, kama mwenye nyumba anayefikiria wageni wote hawa atawakalisha wapi.